Safari ya Kusherehekea Kupona

Rayners Lane, Landani
Novemba

Dada yangu mpenzi Zahra,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute una afya, miguu imekupunguzia maumivu, na mvua imekupa nafasi ya kuanika karafuu zako. Watoto wote na wajukuu nawasalimu. Miska anakubusu mikono. Anasema amekukumbuka, na amelisema kwa Kiingereza kama kawaida yake, lakini moyoni ni mtoto wa Wete.

Utashangaa kuona karatasi wakati tumezoea kutumiana sauti. Simu yako, dada, ni ya nyumba nzima. Nikituma neno asubuhi, hadi adhuhuri jirani wa tatu ameshalisikia na ameliongeza chumvi. Barua hii nimempa Soud, jirani yangu wa ghorofa ya juu, anayekuja kuwaona wazee wake. Isome peke yako na mlango ufunge. Nina jambo la kukuomba, na siwezi kuliomba mpaka kwanza nikueleze safari yetu ya Japani.

Unajua kuwa mwaka jana nilikatwa titi la kushoto, nikachomwa dawa mpaka nywele zikaniisha, na mwisho nikakuambia kuwa nimepona. Miska aliapa siku ile kuwa atanipeleka mahali nikapumzike kama malkia. Nilidhani ni maneno. Kumbe alikuwa anajinyima, na mwezi uliopita akanitia kwenye ndege, mimi niliyezoea treni ya kwenda kazini na kurudi.

Alinipeleka kwenye mji mdogo milimani, ambako maji yanatoka ardhini yakiwa yamechemka yenyewe. Mvuke unapanda hata kutoka kwenye mifereji ya barabarani, na hewa inanuka mayai yaliyochemshwa. Tulifikia nyumba ndogo ya wageni, ya mbao, vyumba vichache tu, kila kitu kimya na safi. Viatu unavua mlangoni kama kwetu. Unalala chini juu ya godoro, unakula chini, na chooni maji yanakuja yenyewe kukusafisha. Hapo nilimwambia Miska kuwa hatimaye nimefika kwa watu waliostaarabika, maana huku Landani karibu miaka thelathini nabeba kopo kama mtu aliyeiba.

Chakula wanakuletea chumbani, visahani vingi kila kimoja na tonge moja, unajiuliza hiki cha kula au cha kutazama. Miska alikuwa ameshawaandikia kuwa nguruwe na pombe hatugusi hata kwa kuonja, nao wakatupikia samaki na mboga. Mwenye nyumba, mama mmoja wa makamo anayeitwa Bi Sachie, alikuwa akipiga magoti kila anapoingia. Mimi nami nikawa napiga magoti kumjibu, tukabaki hivyo mpaka Miska akatuonea huruma.

Watu wa kule huoga pamoja, wanawake na wanawake wenzao, bila hata uzi mwilini. Mimi hilo nililikataa. Lakini mwanangu alikuwa amelifikiria kabla yangu. Alichukua chumba chenye birika lake la mawe barazani, limezungukwa na ukuta wa mianzi, ili nisionwe kovu na mtu. Hakuniambia sababu, na mimi sikumuuliza.

Sasa sikiliza, dada. Kila mgeni hupewa vazi la pamba liitwalo yukata, liko wazi mbele kama koti, unalikunja kifuani na kulifunga mshipi. Jioni ya kwanza nikalivaa, nikaleta upande wa kulia juu ya ule wa kushoto. Ningefanyaje mimi? Tangu utoto mama alitufundisha kutanguliza kulia katika kila jambo la heri. Nikatoka ukumbini najiona mtu. Bi Sachie alikuwa anakuja na sinia la chai. Aliponiona uso ulimbadilika, akaliweka sinia sakafuni, akaniinamia kwa kuomba radhi, na palepale akanifungua mshipi kwa mikono yake. Akaurudisha upande wa kushoto juu, akanifunga tena kwa kukaza.

Miska akamuuliza kwa kutumia simu inayofasiri kosa letu ni lipi. Mama wa watu akajiziba mdomo, hakutaka kusema. Aliposhikiliwa akasema kuwa kulia juu ya kushoto ndivyo wanavyowavika maiti kwao. Miska alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia kuwa mimi nimekipiga kifo chenga mwaka mzima, leo nimekwenda kujivika sanda mwenyewe. Nikacheka naye, kisha nikaingia chooni, nikafungulia maji ili asinisikie.

Asubuhi yake, baada ya kuswali, aliniomba tuingie birikani pamoja. Kulikuwa na ubaridi mkali na maji yanawaka. Miska alinikalisha kwenye kigoda, kama inavyotakiwa kujisugua kabla ya kuingia, akachukua kitambaa akanisugua mgongo, kisha mabega, kisha akapita taratibu pembeni mwa kovu. Kazi yangu ni kuogesha wazee wa Kiingereza, nimewaogesha mpaka vidole vimenikunjamana, na tangu utu uzima sikumbuki mtu kuniogesha mimi. Nilijisikia vizuri sana, dada. Nilijisikia vizuri hata nikaogopa.

Tulipokwisha kuingia majini akanipa habari yake. Akasema kuna kijana, Miraji, mtoto wa Kizanzibari anayeishi Stratford na kufanya kazi kwenye treni, nao wanapendana muda mrefu. Alitaka kumposa tangu mwaka jana, lakini Miska alimkatalia asije nyumbani. Alisema hakuweza kuwa bibi harusi huku mama yake anatapika kwenye ndoo. Sasa kwa kuwa nimepona, wamekubaliana harusi iwe mwezi wa nane mwakani, jamaa zake Miraji wakiwa likizo. Akasema anataka niwe mimi wa kumvika, na wewe uje kumsinga mwili kwa singo ya mawaridi kama kwetu. Kisha akaniuliza mbona nalia, nikamwambia ni mvuke.

Dada, sikupona. Nilipona kidogo, halafu maradhi yakarudi. Wiki mbili kabla ya safari niliitwa hospitali. Nilimwambia Miska nakwenda kwa Deepa, mwenzangu wa kazini, nikaenda peke yangu. Daktari alikuwa mwanamke mpole, alivuta kiti akakaa karibu nami, na hapo hapo nikajua, maana daktari mwenye habari njema huwa hana haja ya kuvuta kiti. Yamefika kwenye ini na mifupa. Dawa ya kuondoa hakuna, ipo ya kutuliza. Nilimuuliza kama nitafunga Ramadhani, akasema afadhali nisipange mambo ya mbali. Ramadhani, dada, aliiona ni mbali. Mwezi wa nane hata sikuutaja.

Nimemtafuta Mungu kwenye jambo hili na sijui nikuandikie nini. Naswali, naketi juu ya mswala, na dua haitoki. Si kufa kunakonivunja, tutakufa sote. Kinachonivunja ni kuwa mtoto huyu hana mwingine. Baba yake tangu alipohamia Maskati na mke mwingine, salamu tu ndizo zinazokuja, na hizo nazo kwa msimu. Nikimwambia Miska ukweli, ataivunja harusi ile ile tena akae aniuguze, na Miraji atangojeshwa mara ya pili. Mwanamume gani atangoja mara mbili? Nisipomwambia, atanunua nguo, atahesabu wageni, na mwezi wa nane utafika mimi sipo. Kila upande ninaogeukia naona nimemuua mwanangu. Nimekata tamaa, dada, nalitamka kwako kwa kuwa hakuna mwingine wa kumtamkia.

Jambo ninalokuomba ni hili. Wewe ndiye mkubwa wetu, na neno lako Miska halirudishi. Mpigie simu. Mwambie umesikia habari za Miraji na umefurahi, lakini mwezi wa nane hukubali. Mwambie unataka ndoa ifungwe Rajabu, na ikishindikana basi Shaabani isipite. Atakuuliza haraka ya nini. Mwambie wewe umezeeka, umeanza kuumwa, na unaogopa kufa kabla hujamwona mtoto wa Time anaolewa. Lia kidogo kwenye simu, unajua kulia ukitaka. Atakuonea huruma, atakubali, na mimi nitajifanya nakulaumu kwa kutuharakisha.

Najua nakuomba ujitabirie mabaya kwa mdomo wako, na unaogopa maneno hayo tangu tukiwa wadogo. Mungu anajua mabaya hayo ni ya nani. Watoto wakikusikia wakaingiwa na hofu, wavumilie kwa ajili yangu mpaka harusi ipite. Kisha anza kushughulikia viza mara tu umalizapo kusoma, uje na singo na udi wa kutosha. Ukinikuta nimekonda, usinishike mkono kwa muda mrefu mbele yake. Siku ya ndoa atakayelia kwa furaha ni mimi, na wewe, mgonjwa, nitakukalisha kwenye kiti kizuri watu wakupepee.

Nisalimie nyumba nzima, wakubwa kwa wadogo, waambie Time hajambo. Nipe radhi zako, dada, kwa yote tuliyokoseana. Barua ichome. Nangoja kusikia kwa Miska kuwa unaumwa.

Mdogo wako akupendaye,
Time