Tiketi ya Safu ya Tano

Addis Ababa, Sene 18, 1995
Miaka miwili na miezi minne tangu niondoke Bichena

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. Magoti yako yanasemaje na mvua hizi? Na kitanda chako cha kufumia, bado unakikalia tangu alfajiri, au umekubali kupumzika kama dada alivyokuomba? Mimi ni mzima, ukiacha mgongo, na mgongo wa kibarua hauna wa kuuliza habari zake.

Nimepata kazi mpya. Kaa chini kwanza ndipo usome. Felekech Abate anarudi. Baada ya miaka kumi na minane Amerika, ataimba hapa Pagume 6, mkesha wa mwaka wetu mpya, mvua zikielekea kuisha, kwenye kiwanja kilicho nyuma ya kinu cha zamani cha unga. Na sisi ndio tunaojenga: jukwaa lake, uzio, na ngazi za viti kwa ajili ya wenye pesa.

Miti ya mikaratusi imekodiwa, na kila mti umehesabiwa. Ukirudi umepasuka, tunakatwa. Kwa hiyo mnyapara wetu, Bwana Gizachew, katufundisha kupiga msumari nusu tu, nusu ibaki nje ili uchomoke bila kuumiza mti. Anatuambia, "Hamjengi kanisa. Mnajenga kitu cha jioni moja." Kwa safu nane inatosha.

Kusimama kiwanjani ni birr arobaini. Kukaa kwenye ngazi ni mia moja. Mimi kwa siku napata tisa, ila nitamsikia bure nikiwa na nyundo mkononi, na kila wimbo nitakukumbuka.

Wako mwanao,
Demelash

*

Bichena, Hamle 2, 1995

Demelash mwanangu,

Amani iwe nawe. Tu wazima, dada yako mzima, mbuzi mzima. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa nimesimama.

Hukuwa umezaliwa, lakini mwaka 1966 Felekech aliimba hapa kwetu, kwenye nyumba ya tej, pombe ya asali, ya Bi Zenebech. Hakukuwa na tiketi. Unanunua glasi moja ya tej, unainywa taratibu, unasikiliza mpaka yeye mwenyewe achoke. Wimbo ulipokolea nikasimama, nikambandika birr moja kwenye paji la uso, nayo ikashika kwa jasho. Akaliingiza jina langu kwenye wimbo palepale, Fenta mfumaji, akasifu mikono yangu mbele ya watu. Mama yako, Mungu amrehemu, hakunisemesha siku mbili.

Sasa nisikilize. Tiketi ya kiwanjani siitaki. Nikiwa nyuma ya uzio nitambandika nani, mlinzi? Nataka ngazi, nishuke na watu wengine kumtuza kama inavyopasa. Nimemuuza yule kondoo mweusi. Dereva Mulat ana birr mia moja na ishirini zako. Ishirini ni chakula chako, usinirudishie.

Baba yako,
Fenta

*

Addis Ababa, Hamle 21, 1995

Baba,

Shikamoo, na pole na baridi. Pesa nimezipata salama na Mulat hakupunguza hata senti.

Ila nilipofika dirishani, ngazi ilikuwa imeshapanda hadi mia na hamsini. Binti anayeuza akaniambia, "Mia ilikuwa bei ya wiki iliyopita, kaka." Nikamwambia baba yangu aliuza kondoo kwa bei ya wiki iliyopita. Akasema, "Basi mwambie auze na kamba." Watu kwenye foleni walicheka, nami nikacheka, nikaongeza thelathini zangu. Nyuma yangu mtu mmoja aligeuka akaondoka na arobaini zake mkononi, maana hata kiwanjani sasa ni sabini.

Tiketi yako ndiyo hii, safu ya tano, kiti cha kumi na mbili. Ifunge vizuri, isilowe.

Zile safu nane ziliisha kwa siku nne. Mwenye tamasha akaja na mwavuli wake, akaangalia, akasema ziwe kumi na moja. Miti haikuongezwa. Tumechomoa ile ya kupingana iliyokuwa chini, tukaipeleka juu. Nilimuuliza Bwana Gizachew, akanijibu kwamba watu wa bei hiyo hukaa wametulia, si kama sisi. Anajua kazi kuliko mimi, sina haja ya kubishana.

Mwanao,
Demelash

*

Bichena, Nehase 6, 1995

Mwanangu,

Mungu akulinde na akupe nguvu za mfungo. Sisi tunafunga, dada yako ananipikia shiro ya unga wa dengu isiyo na kitu, nami silalamiki kwa sababu nina tiketi.

Bichena nzima imeishika. Kidane muuza chumvi aliigeuza huku na huku akasema, "Fenta, karatasi hii ni bei ya shati." Nikamwambia ni shati na kondoo aliyekuwa ndani yake. Tangu hapo ananiita Mheshimiwa wa Safu ya Tano, nami naitika.

Nafanya mazoezi. Kila asubuhi baada ya sala nateremka vidato vya kanisa haraka haraka, nikishika ukuta. Kasisi anadhani nimepata wazimu. Lakini wewe unajua watu wetu: ngoma ikipanda na Felekech akianza kutaja majina, ngazi nzima itasimama, mabega yatacheza, halafu wote watamiminika chini na noti mikononi, wa juu wakiwasukuma wa chini. Sitaki nifike wa mwisho, paji limejaa.

Baba yako,
Fenta

*

Addis Ababa, Nehase 21, 1995

Baba,

Shikamoo. Nakuandikia kabla hata ya kuuliza hali, unisamehe. Usije.

Barua yako ndiyo iliyoniondolea usingizi, pale ulipoandika kwamba ngazi nzima itasimama na kumiminika chini. Mimi nilikuwa nimemwamini Gizachew kwamba watakaa. Sasa bei ni mia tatu na hamsini na inanunuliwa, na safu ni kumi na saba. Hatujaletewa mti mmoja zaidi. Misumari ni ileile, nusu nje. Ardhi imelowa, miguu ya ngazi inazama.

Juzi wakati wa chakula tulipanda vibarua kumi na wawili. Mwenzangu Tarekegn akaanza kuimba wimbo wa Felekech kwa mzaha, tukacheza mabega, kisha tukateremka mbio kumbandika majani usoni. Tulisikia misumari ikilia. Upande wa kushoto ulisogea kiganja kizima na haukurudi. Tulishuka mmoja mmoja, taratibu, hata Tarekegn.

Nikaenda kwa Gizachew. Akaniambia, "Unajua safu moja inaingiza kiasi gani? Na miti ikipasuka utailipa wewe?" Nikasema baba yangu atakaa pale. Akasema, "Basi mwambie akae kwa adabu."

Baba, tuma tiketi kwa Mulat au ichane. Nitafanya kazi mpaka Krismasi nikurudishie kondoo wako. Au uje usimame nami kiwanjani, mbali, utamsikia vizuri tu.

Mwanao,
Demelash

*

Bichena, Nehase 28, 1995

Demelash,

Salamu.

Nimemsomea Kidane barua yako. Akaniambia, "Mzee, huelewi? Tiketi ya mia na hamsini sasa ni mia tatu na hamsini. Kijana anataka irudi aiuze." Nilimfukuza dukani kwake mwenyewe. Lakini nilipofika nyumbani yale maneno yalikuwa yamenifuata.

Au unaona aibu. Mfumaji wa mashuka amekaa katikati ya watu wenye magari, na wewe na matope yako unatazama kutoka chini. Kama ni hivyo, sema hivyo. Usinitungie habari za misumari. Ngazi umeijenga wewe mwenyewe kwa mikono yako, kisha unaniambia nisiikanyage?

Nina miaka sitini na minane. Yeye naye si binti tena. Hatarudi mara nyingine, na akirudi, bei itakuwa ya ng'ombe.

Natoka Pagume 3. Usije kunipokea kama sura yangu inakuaibisha.

Fenta

*

Dejen, Pagume 4, 1995

Mwanangu Demelash,

Mungu akuweke. Futa barua yangu iliyopita, niliiandika nikiwa na hasira na tumbo tupu.

Niko Dejen, juu ya bonde la mto Abay, na hapa ndipo mwisho wangu. Mlima umeporomoka barabarani, magari yamejipanga toka jana, wanasema siku tano au zaidi. Wenye miguu wanateremka bondeni kwa njia ya mbuzi, wanavuka daraja na kupanda ng'ambo, huko wanakuta magari mengine. Nilijaribu. Nilifika kona ya pili, magoti yakasema hapana.

Nimelala kwa mjane mmoja muuza kahawa, Bi Yeshimebet. Mwanawe ni mwalimu wa hesabu, anaitwa Yirdaw. Amekuwa akijiwekea pesa za kiwanjani tangu Sene, na kila akifikisha, bei inakuwa imemkimbia. Alipoiona tiketi yangu hakula. Akaniambia, "Mzee Fenta, mjini sasa ni mia tano. Nakupa mia nne taslimu." Ni karibu mshahara wake wa mwezi mzima. Nililia kidogo, kisha nikahesabu, nikaacha kulia. Kondoo watatu ndani ya karatasi moja.

Zile habari zako za misumari sikumwambia. Angeomba nipunguze.

Amebeba barua hii mwenyewe. Nimemwambia akutafute langoni, atakujua kwa masikio. Mpokee kama ndugu. Na akimfikia Felekech, ambandike birr moja kwa jina langu, nimempa.

Baba yako,
Fenta

*

Addis Ababa, Meskerem 3, 1996
Miaka miwili na miezi saba tangu niondoke

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Naanza na hilo, kwa sababu huenda redio imefika kabla yangu. Nina jeraha la mkono, limeshonwa, naandika polepole.

Pagume 1 nilikuandikia tena kukusihi. Barua hiyo nadhani imekwama ng'ambo ya bonde, ukiipata usiisome, imeshapitwa. Humo nilikuambia kwamba kila Gizachew akigeuka nilikuwa nazamisha misumari mpaka kichwani. Miti minne ilipasuka, nikakatwa ujira wa siku sita. Lakini kweli ni kwamba niliizamisha safu ya tano tu, na chini yake. Za watu wengine nilizipita.

Siku yenyewe, saa kumi mchana, nilikuwa langoni nikikutafuta kwa kila mzee aliyejitanda gabi nyeupe. Akaja kijana mwembamba, viatu vimejaa udongo mwekundu wa bondeni. Akaniuliza, "Wewe ndiye Demelash? Baba yako hakudanganya kuhusu masikio." Akanipa barua. Niliisoma nimesimama kwenye matope, watu wakinipiga vikumbo. Nilipofika pale unaposema umeiuza, niliibusu karatasi kwa furaha. Ulikuwa Dejen, umekaa, unakunywa kahawa.

Yirdaw akasema, "Nimetembea bonde zima kwa miguu, nionyeshe basi safu ya tano iko wapi." Akacheka. Alikuwa na ile birr yako ameikunja kwenye mfuko wa shati.

Nilinyoosha mkono, baba. Nikamwonyesha.

Sikumwambia neno. Si kwamba niliogopa Gizachew, wala hapakuwa na haraka. Nilikuwa nimefurahi mno kwamba si wewe, na kichwa changu hakikuwa na nafasi ya mtu mwingine. Nilikumbuka wimbo wa pili ulipoanza. Nikaanza kusukuma watu kuelekea kule, nikiita jina lake, lakini kiwanjani walikuwa wamebanwa kama magunia, na ngoma ilikuwa juu. Kisha Felekech akataja jina la mtu wa kwanza aliyemtuza, na ngazi nzima ikasimama, kama ulivyoandika. Wakaanza kushuka. Safu ya tano ilishika, misumari yangu ilishika. Zile kumi na mbili za juu yake ndizo zilizoiangukia. Felekech aliendelea kuimba kidogo, macho ameyafumba, hakujua.

Idadi sitakuandikia. Nilichimba kwa mikono na Tarekegn mpaka wakatutoa. Yirdaw nilimtambua kwa viatu.

Jana, barabara ilipofunguka, wamempeleka Dejen kwa mama yake. Huenda umeshamlilia. Gizachew hajulikani alipo. Polisi wametuhoji vibarua, nimewaeleza kila kitu, habari ya miti na ya misumari, na wameandika jina langu. Wameniruhusu kuondoka nikiacha anwani ya kwetu, watanihitaji tena.

Najua utairudia barua yako ya Dejen kichwani, pale ulipoandika kwamba ulinyamaza asije akaomba upunguze. Usijimalize kwa hilo. Wewe hukuamini, uliona ni hadithi ya kijana mwenye aibu. Mimi niliamini. Niliisikia ngazi ile ikilia chini ya miguu yangu mwenyewe, na nikanyoosha mkono.

Zile mia nne usizitumie. Kama umeshanunua kondoo, usimchinje. Ziweke, au mweke, mpaka nije.

Bi Yeshimebet atakuwa anajiuliza ni nani aliyekuwa wa mwisho kumwona mwanawe. Nataka aambiwe na mimi, si na redio wala na wewe. Naondoka hapa Meskerem 9, nikishalipwa zile siku chache zilizobaki, nikilipwa. Nitashuka Dejen kwanza na kukaa kwake siku atakazoniruhusu, kama ataniruhusu hata kuingia. Nyumbani nitegemee Meskerem 14.

Mwanao,
Demelash