Mama Alipochungulia Nyota

Ushirombo,
11 Septemba 1983

Kwako Kaka Felician,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tabora, wewe, shemeji Justina na watoto. Sisi tunapumua, ila nyumbani si kwema, na sijui nianzie wapi.

Unaikumbuka darubini aliyoniachia padre aliporudi kwao? Mwezi uliopita niliisimamisha uani, nikaipata nyota moja ya kaskazini niliyoitafuta tangu mwaka jana. Inaonekana kama pete ya moshi, hafifu sana. Nikamwita Mama achungulie. Akaniuliza ule moshi ni wa nini. Nikamweleza kuwa nyota ile imezeeka, inakufa polepole, na moshi ni mwili wake unaoyeyuka. Akauliza kama hakuna wa kuisaidia. Nilicheka, kaka.

Kesho yake akasimulia kisimani kwamba ameona kufa ndani ya bomba la mwanawe. Wanawake walicheka naye. Lakini wiki haikuisha, Mbuke, binti wa jirani yetu Nkwabi, akafariki kwa surua. Maneno yakageuka. Wakasema Mama alikiona kifo kabla hakijafika, na macho yake mekundu, ambayo sote tunajua ni ya moshi wa jiko, yakawa ushahidi wa uchawi.

Tukaitwa kwenye mkutano wa kijiji. Nilibeba kitabu changu cha nyota, nikaeleza kama ninavyoeleza darasani. Nkwabi, ambaye ndiye aliyenifundisha kuchunga, akanikatiza: "Mwalimu, aliyekufa ni wangu au wako?" Kijana mmoja akapaza sauti kwamba basi mchawi ni mwenye bomba.

Kinachofuata nimeshindwa kumwambia hata mke wangu. Mama alisimama, akasema, "Bomba ni langu. Huyu hajui kitu." Nikafungua mdomo. Akanitazama vile alivyokuwa akitutazama utotoni mbele ya wageni, nikaufunga.

Walimtaka aondoke kabla jua halijazama. Nilimpakia kwenye lori la pamba, nikamfikisha Nkome kwa mama mdogo Anisia. Katibu wa kijiji ananiambia nisubiri maneno yapoe. Juzi nilimfuata nimrudishe, nikamkuta anaanika dagaa. Amekataa. Anasema akirudi yeye, watanigeukia mimi. Akanifungia furushi la dagaa nimpelekee mke wa Nkwabi, maana wafiwa hawana hata hamu ya kwenda sokoni.

Furushi liko hapa mezani. Kwa Nkwabi hakuna mkono utakaolipokea, na sisi wenyewe limetushinda kula.

Msalimie shemeji, wabusu watoto. Ukipata ruhusa kazini, njoo, kaka.

Ni mimi mdogo wako,
Clemens