Kicheko cha Mejumaa

Jumanne, Diani.

Mvua imekatika tangu asubuhi, jua limetoka kali na mchanga wa uani unafuka mvuke. Matiti yananiuma. Nguo imelowa maziwa nami sijaibadilisha.

Mejumaa hayupo. Ndiye kifungua mimba wangu, ndiyo kwanza anajifunza kukaa. Leo wamempeleka Tiwi kwa wifi yangu, na mimi nimekubali kwa kinywa changu.

Jana nilikuwa nimesimama barazani, nimempakata. Mavyaa, mamake mume wangu Hamisi, alikuwa anapepeta mchele. Kuku akarukia ungo, Mavyaa akamtupia kiatu akamkosa, kuku kwa hofu akaruka akatua begani mwake. Mejumaa akacheka. Sijapata kumsikia akicheka vile, kicheko cha tumboni, mpaka pumzi ikamkwama.

Nami nikacheka.

Shingo ndiyo iliyoanza kulegea. Kichwa kikaangukia kifuani, magoti yakakatika, mikono ikaachia. Mimi chini, na mtoto akapita ukingo wa baraza, akaangukia kichwa.

Watu hudhani huwa nimezimia. Sizimii. Nilisikia kishindo chake, kisha kimya, kisha kilio. Nilijua yuko karibu na mguu wangu. Nilitaka kuinua kidole kimoja tu, kidole hakikuinuka. Nililala pale nikimsikiliza mwanangu akilia kama ninayesikiliza mtoto wa jirani.

Tabibu alimkagua akasema hana neno, ni uvimbe wa kipaji tu. Hana neno safari hii.

Maradhi haya yalinianza nikiwa mwalimu wa darasa la kwanza. Usingizi ulinichukua mchana, chaki mkononi. Wakati mwingine mkono uliendelea kuandika ubaoni nami nimeshalala, na nilipozinduka nilikuta mikwaruzo isiyosomeka. Watoto walinizoea. Walikuwa wakinyamazishana: mwalimu amelala. Uhuru ulikuwa mchanga, walimu wakitafutwa kila pembe ya Kwale, lakini mimi niliambiwa nikapumzike nyumbani.

Hamisi hakuniacha. Alinipeleka kwa waganga, nikapungwa pepo, nikanywa kombe la aya zilizoandikwa kwa zafarani mpaka ulimi ukawa na ladha yake. Mwisho akanipeleka hospitali. Daktari aliniuliza maswali ambayo hakuna aliyepata kuniuliza. Je, nikicheka hulegea? Je, ninapoanza kusinzia huona mtu chumbani ambaye hayupo? Nililia, kwa kuwa kumbe kuna anayenijua.

Akanieleza kwamba mtu anapoota, ubongo hulegeza viungo vyake, asije akainuka akakimbia kile anachokikimbia ndotoni. Kwa watu wote ulegevu huo hubaki usingizini. Kwangu mimi hupenya mchana, nikiwa macho, na aghalabu furaha ndiyo inayouita. Si pepo, akasema, wala si wazimu, wala si uvivu. Vipo vidonge vya kunifanya niwe macho, ila ninanyonyesha, hathubutu kunipa. Dawa ya kuyaondoa maradhi yenyewe haipo.

Nilirudi nyumbani nikiwa na jibu. Nilidhani jibu ni nusu ya kupona.

Jana baada ya magharibi Mavyaa alikuja akaketi kitandani kwangu. Laiti angalikuja kwa matusi, ningalijua la kumjibu.

"Mwanangu," akasema, "mimi sikuchukii. Mwenyezi Mungu ni shahidi."

"Najua, mama."

"Wifi yako Mwanasiti ana mtoto mchanga, maziwa yanamtosha. Atamnyonyesha Mejumaa, wawe ndugu. Wewe utakwenda kumwona kila utakapo."

Nikamtazama Hamisi. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono bado ina vumbi la mbao, kwa kuwa ni seremala na alikuwa ameitwa kutoka kazini. Hakuinua macho.

"Na wewe wasemaje?" nikamwuliza.

"Ungalikuwa umesimama kisimani, je?" akasema. "Nisemeje mimi?"

Kisima hicho nilikuwa nimekwisha kukiwaza kabla yake.

Nikasema, mchukueni.

Asubuhi nilimwogesha, nikampaka mafuta ya nazi, nikamvisha kofia aliyomshonea Mavyaa. Alipopandishwa mgongoni kwa bibi yake aligeuka akaniona, akanikenulia ufizi. Nikahisi shingo inaanza. Nikauma shavu kwa ndani, nikakaza uso, nikamwangalia kama mtu nisiyemjua.

Tabasamu lake likasita. Alinitazama, akatazama huku na huko, kisha akaanza kulia. Wakaondoka naye analia.

Hivyo ndivyo nilivyomuaga mwanangu. Nilisimama imara, sikuanguka.

Mavyaa amerejea baada ya alasiri. Nilimlaki uani, nikamwamkia, nikapokea mkoba wake.

"Amekubali kunyonya?" nikauliza.

"Amekubali. Wala hakusumbua. Amenyonya mpaka amelala."

Nikasema alhamdulillahi. Ulimi ulisema alhamdulillahi, na moyo ulikuwa umekaa tangu asubuhi ukingoja kusikia kwamba amekataa. Ni mama wa namna gani anayemwombea mwanawe njaa?

Sasa nikimwachisha, daktari atanipa vidonge. Nitakuwa macho mchana kutwa. Nitakuwa macho katika nyumba isiyo na mtoto, nikijilinda nisifurahi.

Usingizi unakuja, nausikia nyuma ya macho. Siku zote hujifinya, hunawa uso, huzunguka uani, kwa sababu kuna mtoto. Leo siukatai.