Spika Zako Zimenikataa

Rafiki yangu Deng,

Ni miezi saba tangu tukuzike kambini Kakuma, na bado nakuonea wivu. Watu huwaandikia marehemu wao maneno matamu. Mimi nakuandikia wivu, na afadhali nikwambie wewe kuliko mke wangu, ambaye alishachoka na habari za spika.

Wiki mbili zilizopita mkeo, Mama Achol, alinitumia ujumbe nije nichukue spika zako. Nilidanganya shuleni kwamba naumwa, nikadandia lori la asubuhi kutoka Lodwar. Alizifuta vumbi kwa kitenge chake, akasema, "Chukua, mwalimu. Hapa zimenyamaza tu, zinaniumiza." Nikajifanya nazichukua kwa kumbukumbu. Kumbukumbu gani! Nilikuwa nazitamani tangu siku ya kwanza.

Siku ile nilikuletea redio yangu uitengeneze, nikasikia kwaya ikiimba kwenye CD chumbani kwako. Nilimsikia mama mmoja wa mstari wa nyuma akivuta pumzi kabla ya kuanza kuimba. Pumzi, Deng! Kutoka kwa spika za gari lililotupwa, ndani ya visanduku ulivyogonga mwenyewe kwa mbao za kreti, na amplifaya uliyookota ikiwa imeungua. Nikaazima CD ile nikaipeleka kwangu Lodwar, kwenye mtambo mpya wa muziki kutoka Nairobi ambao kwa ajili yake nilivaa viatu vilivyotoboka mwaka mzima. Yule mama hakupumua.

Nikakuita bahili asiyenunua kitu kipya. Ukacheka, huku ukisogeza spika upana wa kidole kimoja tu kutoka ukutani. "Wewe nunua nunua tu, mwalimu. Mimi nasikiza kwanza." Nilichukia kicheko kile. Nilichukia zaidi kwamba hukunionea mimi wivu hata kidogo.

Sasa ziko kwangu, na zimenikataa. Sebule yangu ni saruji na mabati, sauti inagonga ukuta inarudi kama sufuria imeanguka. Nimebadilisha waya. Nimezisogeza mpaka mke wangu akauliza kama napima shamba. Ndipo nikakumbuka blanketi ulizotundika chumbani kwako na godoro ulilosimamisha pembeni. Nilikucheka sana: blanketi ukutani, na joto lile la Kakuma! Nimetundika zangu. Afadhali kidogo, lakini pumzi hakuna. Ukuta wako wa udongo siwezi kuubeba kwenye lori. Umekufa na bado unanishinda, na jana nilikaa mbele ya spika hizo nikalia kwa hasira, kisha nikalia tu.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Nilipokuja kukuona hospitalini, ulikuwa umekonda hata shuka haikuonyesha kama kuna mtu. Ukaniuliza, "Mwalimu, sema kweli. Yangu na yako, gani inaimba?" Ulikuwa unangoja neno moja. Kambi nzima hakuna mwingine aliyejua ulichokuwa unafanya miaka yote ile. Nami nilijua jibu.

Nikasema, "Zinatoshana."

Ukaitikia kwa kichwa, ukageukia ukutani. Siku tatu baadaye nikapigiwa simu.

Jumamosi nazirudisha, Deng. Nitaziweka pale pale, alama zake bado zipo kwenye sakafu, na kila mwisho wa mwezi nitakuja kumwashia Mama Achol ile kwaya. Nitamwambia yeye na majirani jinsi nilivyokujibu, wanione nilivyo. Hiyo nakuahidi. Kuacha wivu siahidi, sitaki kukudanganya mara ya pili.

Pumzika, ndugu yangu. Yako ndiyo iliyoimba. Hata leo, ukiwa kaburini, inaniuma kusema hivyo.

Wako,
Mwalimu