Nilichokuandikia Kwenye Fomu

Mama Muthoni, Wawira wangu,

Ningekuja kaburini nikuambie kwa mdomo, lakini mumeo Njeru amejenga zizi hapo karibu na siku hizi hatoki kwa ng'ombe wake. Sitaki asikie haya kabla ya Jumamosi. Kwa hivyo nakuandikia. Mungu ana njia yake ya kukufikishia.

Watoto wako wazima. Yule wa mwisho, uliyemwacha hata hajanyonya, ana miaka kumi na minne na akicheka anatingisha mabega kama wewe. Wasichana watano, Wawira. Mvulana wa kuitwa jina la baba yake Njeru hajazaliwa mpaka leo. Wale wapwa zake bado humtania kwamba babu amechoka kungoja mlangoni.

Sasa sikia. Utafiti umerudi.

Unamkumbuka yule mama wa chuo kikuu aliyekuja Kibugu kuuliza wanawake habari za ndoa, na uzazi, na mambo ya chumbani. Tulimwita Daktari, na wewe ukauliza ni daktari gani huyu hana hata sindano moja. Mimi nilichukuliwa kumsaidia kwa sababu nilimaliza darasa la nane na nilikuwa kiongozi wa akina mama kanisani. Alitufundisha siku tatu kule Embu mjini. Alisema mambo mawili nikayaandika kwa daftari: usimhoji rafiki yako, na usiongeze neno lako. Nikarudi nyumbani nikayavunja yote mawili kabla ya wiki kuisha.

Hatukukaa nyumbani kwako, maana mama mkwe alikuwa amevuta kiti tayari asikilize. Tulienda kwa majani ya chai, pale shamba langu linapopakana na lako, wewe unachuna na mimi fomu juu ya goti. Nikafika kwa swali la kupanga uzazi. Ukaangalia nyuma, ukaniambia unachomwa sindano kila miezi mitatu, Njeru hajui. Kwamba daktari wa hospitali alikuambia kwa presha yako na vile ulivyopasuliwa mara mbili, mimba ya tano usijaribu. Na kwamba Njeru analia usiku kwa sababu baba yake hajapata wa kuitwa jina lake, na wewe unamhurumia, lakini unawahurumia watoto wako wanne zaidi. Halafu ukasema, "Andika vizuri, mwalimu. Usije ukanikosesha mtihani."

Kulikuwa na visanduku viwili. Nilitia alama kwa kile cha "hatumii".

Nilijiambia nakuficha. Fomu ilikuwa na nambari tu, haikuwa na jina, lakini mimi niliona aibu kama vile jina lako limeandikwa mlangoni pa kanisa. Mke wa mzee wa kanisa, rafiki yangu, aonekane anamdanganya mume? Si wewe peke yako. Niliwafanyia hivyo wengine pia, kila aliyeniambia kwa sauti ya chini. Nikadhani huo ndio upendo.

Ningeishia hapo, labda ungekuwa hai. Lakini nilifunga kalamu nikaanza kusema kama kiongozi wa akina mama. Nilikutolea maandiko. Nikasema nyumba iliyojengwa kwa siri haisimami, acha hiyo sindano, mwachie Mungu. Uliendelea kuchuna mpaka kikapu kikajaa. Sikujua kama umenisikia, mpaka ile siku ulinipitia ukielekea kliniki, miguu imevimba hata viatu huwezi kuvaa, ukaniambia, "Nimemwachia Mungu, vile ulisema." Bila uchungu. Kama mtu anayemletea mwenzake habari njema.

Wiki sita baadaye tulikuzika.

Njeru anajua ulipata mimba, ukapandwa na presha, Mungu akakuchukua. Ndivyo kila mtu anajua. Nimekula kwa Njeru Krismasi zote hizo, Wawira, na ananiita dada.

Jumapili iliyopita Daktari alikuja na vijana wake ukumbini mwa kanisa. Amezeeka, anatembelea fimbo. Alisema wanataka kuanza duru ya pili, wahoji mabinti wa wale akina mama wa kwanza, lakini kwanza watusomee walichopata wakati ule. Muthoni wako alikuwa hapo na bwanake Mwenda, walikuwa wamekuja kutoka kwao Kiirua, Meru, kumwona Njeru. Kijana mmoja akasoma. Akafika mahali akasema kwamba katika vijiji vyetu hawakupata mwanamke aliyepanga uzazi kwa siri.

Wanaume walipiga makofi. Pasta akasema Bwana asifiwe. Mwenda akasimama, unajua Wameru hawaogopi mkutano, akasema sasa anajua kwa nini baba yake alimwambia akaoe Embu, huko wanawake hawana mfuko wa siri. Watu wakacheka sana, hata Njeru. Mimi nilikuwa namwangalia Muthoni. Alikuwa amekumbatia mkoba wake kifuani kwa mikono yote miwili, na hakucheka.

Nilijua hapo hapo kwamba naye ana siri yake.

Nilimfuata Daktari kwa gari lake nikamwambia nilichofanya. Akauliza ni fomu ngapi. Sikuweza kumwambia, maana sijui. Akasema pole pole kwamba wakati ule wizara ilipotaka kujua pa kupeleka muuguzi wa kutembelea vijiji, wao walijibu kwamba huku hakuna haja. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Jumatatu Muthoni alikuja kwangu, Mwenda akiwa amerudi kwa viazi vyake na kumwacha wiki moja kwa babake. Ana wasichana watatu. Wa tatu alipasuliwa, na presha yake ni kama yako, daktari amemwambia vile vile. Baba wa Mwenda ni mgonjwa wa kitanda na ameomba kabla afe amwone mjukuu anayeitwa jina lake. Mwenda si mtu mbaya, ujue. Hajawahi kumpiga. Anamwosha mzee wake kwa mikono yake mwenyewe. Lakini anataka huyo mtoto kama mtu anayetafuta dawa.

Mtoto wako alikaa kwa kile kiti cha karibu na jiko akaniita shangazi kama alivyozoea, "Tata, mama yangu hakuficha. Imesomwa kanisani. Nimeona aibu. Nikirudi naacha sindano."

Yale maneno yangu ya zamani yalikuwa tayari mdomoni. Nakuapia yalikuja yenyewe, na maandiko yake. Nikayameza. Nikamwambia mamako alificha. Nikamwambia aliacha kwa sababu mimi nilimwambia aache, na fomu ile niliiandika uongo kwa mkono huu.

Akasema, "Kwa hivyo ni wewe." Akaweka chini kikombe cha chai nilichompa, akaenda. Tangu siku hiyo hapiti hapa. Nikimpigia hashiki. Sijui kama ameniamini, au ameshaamua kuacha sindano ili asiishi kwa uongo kama sisi.

Jana Mwenda alinipigia. Amepata kadi ya kliniki ndani ya gunia la nguo za watoto. Sauti yake ilikuwa tulivu, na hiyo ndiyo ilinitia hofu. Anakuja Jumamosi na wazee wawili kwa Njeru, na ameniomba mimi niwepo, kama mama wa kanisa, nimkanye mke wake mbele ya watu. Alisema, "Wewe atakusikiliza. Muthoni husema hata mamake alikusikiliza."

Nimekubali kwenda.

Daktari wa hospitali aliyempasua Muthoni yuko Meru mjini. Nilimpigia leo kutoka kwa zahanati, akarudia kwamba mimba nyingine ni hatari, na muuguzi wetu ameahidi kunisindikiza Jumamosi na kile kipimo cha presha, Mwenda ajionee mwenyewe nambari ya mkewe. Lakini kipimo hakitatosha. Wazee watauliza nani amesema. Hapo nitamwambia Njeru, kwake, mbele ya binti zake, jinsi mke wake alivyokufa. Huenda asiniite dada tena. Huenda wanitoe kwenye uongozi, na niliyemwona rafiki kanisani asinisalimu. Nimeomba tangu jana niondolewe hofu, haijaondoka, na sasa sioni kama itaondoka.

Mwenzangu, sikuombi unisamehe. Nakuahidi kitu kimoja tu: Jumamosi, yeyote atakayemwambia mtoto wako mwachie Mungu, atanikuta nimesimama katikati, na nitalitaja jina lako.

Pumzika sasa. Usiningoje kwa haraka, bado nina kazi.

Mimi wako,
Mama Ireri