Damu Yangu ni Ishirini, na Bibi Amehama na Godoro

Mpendwa mshauri Mama Hulda,

Sikuandikii unihurumie, naomba msaada wa aina moja tu, useme wazi mbele ya wasomaji wote kwamba bibi yangu Jepkemboi ana makosa, kisha nitalikata gazeti nimpelekee huko Kaptagat kwa kaka yake, ambako amekimbilia na godoro langu.

Mimi ni mtu wa hapa Eldoret, upande wa Cheptiret, nilianza maisha nikibeba magunia ya wenyewe pale stesheni ya reli na leo nina mashine ya kusaga unga na trekta moja, sikushikwa mkono na mtu, nimekula jasho langu na nimekula vizuri, maana nikipanda kwenye mizani yangu ya mahindi ninafika gunia moja na robo, na kola ya shati iliyokuwa kumi na tano siku ya harusi sasa ni kumi na nane na bado inanikaba, na huo si ugonjwa mama, hayo ni maendeleo.

Shida yangu ni usingizi wa mchana. Unanikamata bila kuuliza jina, nalala nikipimia watu unga, nalala kanisani kabla mhubiri hajafungua Biblia, msimu uliopita nililala juu ya trekta nikilima na nikaamka ndani ya kabichi za jirani, na kwenye baraza nililala D.O., yule bwana mkubwa wa tarafa, akisoma hotuba juu ya umoja wa chama, nikakoroma mpaka akanyamaza, chifu akanipiga kiwiko akaninong'oneza, "Kipyego, nchi hii chama ni kimoja, hiki cha pili umekisajili wapi?" Watu walicheka, lakini mimi siku hiyo usingizi uliniisha wenyewe.

Mama yangu mzazi akasema mtu anayesinzia ovyo amepungukiwa na damu, na kwetu kila mtu anajua hivyo, basi akanitengea ng'ombe, akatobolewa shingoni kwa mshale jinsi wazee walivyofanya, nikawa nakunywa damu na maziwa, juu yake maini, juu yake zile dawa nyekundu za chupa za kuongeza damu, na usingizi ukazidi. Ndipo bibi akanikokota hadi hospitali ya misheni kule Plateau, wakanitoa damu, nikasinzia kwenye benchi, nikaamshwa kuambiwa kwa kipimo chao cha wingi wa damu, yangu ni ishirini. Ishirini, Mama Hulda! Bibi naye alipimwa siku hiyo hiyo akapata kumi na tatu. Daktari alianza maneno mengine, oh mzee keti kwanza, oh niambie unalalaje, lakini mimi nikishaambiwa nimepita mtihani sikai kungoja masahihisho, nilivaa kofia nikatoka.

Mpwa wangu Kipngetich yuko kwenye kambi ya wanariadha, na nilipomwambia alishika kichwa. "Mjomba! Sisi tunapanda milima tukitafuta damu kama hiyo, na wewe umeipata umelala!" Sasa niambie, mtu wa namna hiyo anaumwa wapi?

Lakini Jepkemboi haridhiki. Nikikoroma hasemi kitu, hapo sitamsingizia, ameishi na mashine ya kusaga. Ni nikinyamaza ndipo ananivamia, ananisukuma, ananimwagia maji, analia, "Baba Chepkorir, pumua! Pumua, wewe!" nami nashtuka kwa kishindo kama ng'ombe aliyetolewa matopeni, namwuliza, mwanamke, unataka nini? Kelele hutaki, kimya hutaki! Mwishowe akasema, "Siwezi kukaa hapa nikingojea siku utanyamaza na usirudi. Nenda umsikilize daktari, ama mimi naenda." Nikamkumbusha ishirini yangu na kumi na tatu yake. Akabeba godoro, akasema mbao za kitanda zitanisaidia kulala macho.

Sasa wazee wa kwao wamenipa hadi mwisho wa mwezi niende nijieleze, mvua iko karibu, watu wamenilipa niwalimie, trekta inaningoja, na mimi sina bibi wala godoro. Nimekosa wapi?

Jackson Kipyego, Cheptiret

*

Mzee Kipyego,

Pole kwa mbao. Huruma yangu imeishia hapo.

Hesabu unazijua, ila umejumlisha zote upande wako. Damu si mtihani wa shule, mzee, kwamba mwenye nyingi ndiye wa kwanza. Kumi na tatu ya Jepkemboi ni ya mama mwenye afya. Ishirini yako imepita mpaka, hata kwa ninyi watu wa nyanda za juu ambao damu yenu huzidi kidogo.

Nilificha jina lako nikamsomea barua daktari mmoja wa kifua. Nilidhani atacheka kwa ile ya chifu. Hakucheka. Aliniambia kuna watu ambao wakilala koo hujifunga, hasa wenye shingo nene. Kukoroma ni hewa ikipita kwa taabu. Ule ukimya ni hewa imekosa njia kabisa. Mwili ukinyimwa hewa hivyo kila usiku, kwa wengine huanza kutengeneza damu zaidi na zaidi, ili hiyo hewa kidogo isipotee, na damu inakuwa nzito kama uji. Kipngetich anaitafuta yake akihema mlimani. Wewe unanyongwa kitandani mwako, na unajisifu!

Wewe ni mtu wa mashine. Unga ukikataa kutoka kwa sababu njia imeziba, utaongeza mahindi juu? Basi ndivyo mlivyofanya kwa damu ya yule ng'ombe maskini.

Nisikudanganye: damu peke yake haithibitishi. Hupanda pia kwa sigara, kwa ugonjwa wa mapafu, kwa mambo mengine. Damu ni shahidi mmoja. Usingizi wa mchana ni wa pili, kola yako ni wa tatu, na shahidi mkuu, aliyekuona kwa macho, umemkalia ngumu mpaka akahamia Kaptagat.

Funguo za trekta mpe dereva mwingine leo hii. Waliokulipa watalimiwa, hawakulipia makalio yako. Safari ile uliamka kwenye kabichi, safari nyingine utaamka katikati ya watoto wanaotoka shule. Ng'ombe afunguliwe. Chupa nyekundu tupa chooni. Kama jioni unakunywa busaa au pombe yoyote, acha, na ugali upungue mpaka ile robo ya gunia ishuke mizanini. Usilale chali: chukua gunzi la mahindi, lishonwe kwenye mfuko mgongoni mwa fulana, katikati ya mabega, ukigeuka chali likuchome. Halafu rudi Plateau, vua kofia, ukae mpaka daktari amalize. Apime damu tena, na presha, na sukari, na moyo. Akikutuma hospitali kubwa, nenda. Na usiende peke yako, kwa maana wewe hujawahi kujiona ukilala. Maswali atayajibu Jepkemboi.

Kwa wazee usingoje mwisho wa mwezi. Gazeti hili ulilotaka kulikata, likate, nimekuandikia kila kitu humu. Lakini usilisome mbele yao. Mpelekee Jepkemboi fulana, gunzi na sindano, umwambie, "Mama Chepkorir, nishonee hii, kisha twende kwa daktari." Usiongeze hotuba, unajua hotuba hukufanya nini.

Akicheka, beba godoro wewe mwenyewe mpaka nyumbani.

Na siku ukikoroma, mwombe radhi. Siku ukinyamaza naye akakumwagia maji, usimwulize tena anataka nini. Anataka upumue.

Mama Hulda