Makala Zilizofutwa kwa Jina Langu

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Halifax, 16 Mei 2024, saa 3:10 asubuhi

Jina: Lorna Gaudet. Umri: miaka 58. Kazi: mkutubi wa tiba. Makazi: Mtaa wa Agricola, Halifax.

Kazi yangu ni kutafuta makala za utafiti na kuziingiza kwenye programu ya kompyuta inayozipanga. Safari hii zilikuwa 1,912, zote kuhusu dawa mpya ya kifafa kwa watoto. Wasomaji wawili hupiga kura, kila mmoja peke yake, makala ipi ibaki. Lakini makala iliyojirudia huifuta mkutubi, bila kura ya mtu.

Mnamo tarehe 14 Mei, saa 4:20 asubuhi, Dk. Emmett Rafuse, mkuu wa utafiti huo, alikuja mezani kwangu na kahawa mbili. Kwa miaka tisa hajawahi kuninunulia hata maji. Aliomba nimtafutie jarida la mwaka 1987 kwenye stoo ya chini. Nilikwenda, nikaacha kompyuta wazi. Niliporudi saa 4:41 alikuwa dirishani, anasifia hali ya hewa. Nje kulikuwa na ukungu mtupu.

Jana nilihesabu makala, nikakuta zimepungua tano. Zote tano zinahusu watoto waliokufa wakitumia dawa hiyo. Kumbukumbu za programu zinaonyesha zilifutwa kama zilizojirudia, kati ya saa 4:27 na 4:36, kwa jina langu. Nilimfuata ofisini kwake. Hakushtuka hata kidogo.

“Dada Lorna, jina lililoandikwa pale ni la nani?”

“Langu.”

“Sasa mbona unaniuliza mimi?”

Kesho hospitali za mkoa zinakutana kuamua kama watoto wapewe dawa hiyo, na ripoti watakayosoma ni yake, inayotokana na makala hizo zilizobaki.

Kuna jambo sijaulizwa. Leo asubuhi nilipitia kila nilichokifuta mwenyewe tangu Machi, ili nije hapa nikiwa msafi. Nikakuta ya sita. Kichwa kilekile, waandishi walewale, nikadhani imejirudia. Kumbe ni ya miaka miwili baadaye, na ina vifo vinne. Hiyo niliifuta mimi. Dk. Rafuse haijui. Naomba iandikwe pamoja na zile tano.

Nimesomewa niliyoyasema, nayo ni kweli.

Sahihi: L. Gaudet

Maelezo ya ofisa: Kabla hajatia sahihi nilimuuliza shahidi kama angependa kumwona wakili kwanza. Alisema wakili atachukua muda, na mkutano ni kesho.
Konstebo D. Mosher